Lijue Bamvua Kabla ya Kununua Fimbo

Ukisema mjini kwamba unakwenda Pemba na ungependa kuvua, orodha itakufikia kabla hujakata tiketi ya boti. Fimbo mbili, nyepesi na nzito. Rili isiyoshika kutu. Mshipi unaoelea, mshipi unaozama taratibu, mshipi unaozama haraka. Miwani ya kukata mng'aro wa maji. Sanduku la inzi bandia lenye vyumba kama kabati la mfamasia, kila chumba na rangi yake. Aliyekuandikia orodha hiyo huenda hajawahi kuteremka Mkoani, lakini ameisoma mahali, naye aliyeiandika aliisoma kwingine.

Sasa shuka diko la Tumbe au la Wesha saa vyombo vinaporudi, uchungulie ndani ya ngalawa iliyoleta changu na chewa. Utaona mshipi wa nailoni umezungushwa kwenye kipande cha ubao au chupa tupu, ndoana chache zimechomekwa kwenye kandambili kuukuu, vipande vya risasi, kisu, chambo kilichobaki, na kopo la kukumbia maji. Huyo ndiye aliyeleta samaki. Usiharakishe kusema kwamba uvuvi wake ni rahisi, maana mtu yule anajua mambo mengi kuliko yanavyoweza kuandikwa kwenye orodha yoyote. Ila anayoyajua yanahusu maji, na vifaa vyake ameviacha viwe vichache ili akili ibaki na nafasi.

Mwongozo huu ni wa anayeanza, mwenyeji au mgeni, mwenye mshipi wa mkono au mwenye tamaa ya fimbo ya inzi bandia. Nitakueleza kwanza utata wa vifaa unatoka wapi, ili ukikutana nao dukani usikutishe. Kisha tuingie majini, ambako kuna utata wa kweli.

Namba zilizorithiwa

Namba ndizo zinazomchosha mwanafunzi mapema. Ndoana namba 10 ni ndogo kuliko namba 6, na namba 6 ni ndogo kuliko namba 1. Ukishazoea kwamba namba ikipanda ndoana inapungua, unafika kwenye ndoana kubwa za baharini zilizoandikwa 1/0, 2/0 mpaka 6/0 na kuendelea, na hapo kanuni inageuka: namba ikipanda, ndoana nayo inakua. Anayevua kwa inzi bandia ana mzigo mwingine juu ya huo. Kipande chembamba cha mwisho, kinachofungwa kwenye inzi mwenyewe, hupimwa kwa herufi X, na 5X ni chembamba kuliko 3X. Zamani, kabla ya nailoni, kipande hicho kilitengenezwa kwa hariri iliyovutwa kutoka matumboni mwa viwavi, kisha kikapitishwa katika tundu za bamba la chuma ili kipungue unene. X ilihesabu mara kilizopitishwa. Nailoni ilipatikana katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani mwaka 1935, viwavi wakapumzika, lakini X imebaki kwenye pakiti hadi leo, na kijana wa Wete anatakiwa kuikariri.

Namba moja tu katika uvuvi huo ina sababu nzuri, nayo ni ya uzito wa mshipi wa kurushia. Ndoana yenye chambo na risasi hujirusha kwa uzito wake. Inzi bandia hana uzito wa kutosha kujirusha, kwa hiyo kinachorushwa hasa ni mshipi, na inzi anafuata nyuma. Ndiyo maana mishipi hiyo hupangwa kwa uzito wa futi 30 za mwanzo, na fimbo ikaandikwa namba inayolingana nayo. Fimbo namba 8 itwae mshipi namba 8. Kariri hiyo. Kwa namba nyingine, shika kitu mkononi, ukitazame, uulize: ndoana hii itaingia kinywani mwa samaki ninayemtaka?

Orodha za inzi nazo zimekuwa zikivimba na kunywea kwa karne nyingi. Mwandishi Aelian wa Roma, karibu mwaka 200, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua kwa ndoana iliyozungushiwa sufu nyekundu na kufungwa manyoya mawili ya jogoo. Aina moja ya inzi, mto mmoja. Kitabu cha Kiingereza cha mwaka 1496 kilitaja inzi kumi na wawili. Kufika karne ya 19 vitabu vilikuwa vimejaa inzi kwa makumi, kila mmoja na mwezi wake na saa yake. Frederic Halford, Mwingereza aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote katika jambo hilo, aliuanza umaarufu wake mwaka 1886 kwa kitabu cha inzi wa kuelea wa kila namna, na mwaka 1910, uzeeni, akapunguza orodha yake ikabaki 33. Mwaka huohuo G. E. M. Skues akatoa kitabu cha kuonyesha kwamba samaki wale wanakula sana chini ya uso wa maji, mahali ambapo wafuasi wa Halford walikuwa hawataki kabisa kupeleka inzi.

Mabishano hayo yote yalihusu samaki anayeitwa trauti, katika vijito vya maji baridi na maangavu, anayekula wadudu. Samaki huyo aliletwa kwetu Afrika Mashariki na walowezi. Ewart Grogan ndiye anayetajwa kwa kuwatia katika mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya, mwaka 1905. Pamoja na samaki yakaja mashauri: inzi afanane na mdudu aliyeko mtoni leo, mshipi uwe mwembamba kama nywele, mvuvi atembee kwa kunyata. Kule Gura mashauri hayo yana mahali pake. Lakini kolekole anayeingia kwenye fungu la mchanga karibu na Kisiwa cha Fundo hajapata kula mdudu wa mtoni maishani mwake. Anafukuza dagaa na vibua wadogo, anaokota kaa na kamba. Sehemu kubwa ya utata unaouziwa ni jibu zuri la swali la mahali pengine.

Samaki haelezi kwa nini amekula

Kuna sababu ya pili, nayo ndiyo ninayoiona kuwa mzizi. Mvuvi akivua vizuri leo, hajui kwa yakini nini kilichomletea samaki. Maji yalikuwa yanaanza kujaa, upepo umetulia, kundi la dagaa lilikuwa linapita, na yeye alikuwa na inzi mwenye tumbo la kijani. Jioni atasimulia habari za tumbo la kijani, kwa kuwa ndilo alilolichagua mwenyewe. Maji yalijaa bila kumuuliza. Kesho watu wanatafuta kijani. Baada ya miaka kadhaa kuna kijani kibichi, kijani cha bahari na kijani cha jani la mgomba, na kila kimoja kina mtetezi aliyevua nacho siku ambayo hata kitambaa kitupu kingeleta samaki.

Mwenye duka hana haja ya kudanganya mtu. Yeye anauza jibu la hofu uliyoingia nayo mlangoni, hofu kwamba samaki wapo na umekosa kitu kimoja tu. Mshipi mzuri hudumu, na ndoana ni rahisi. Maji kujaa na kupwa hayauziki kabisa. Kinachouzika ni aina mpya. Na mtoa ushauri naye ni binadamu: ukimuuliza swali, akakujibu kwa neno moja, anahisi amekupunja.

Pemba haijasalimika na tabia hii. Utamkuta mtu anayeapa kwa rangi ya uzi wa gunia anaorambazia, mwingine ana mwamba wake asioutaja hata kwa shemeji yake, na wapo wenye kombe na hirizi za chomboni ambazo sitaziingilia. Tazama hasa chambo cha kurambazia nguru na jodari: manyoya meupe ya kuku au nyuzi za kamba iliyochambuliwa, vimefungwa juu ya ndoana, vinavutwa nyuma ya chombo kikiwa kwenye tanga au mashine. Huyo ni inzi bandia, kwa maana ileile ya Aelian. Mpemba hakumpa jina la kifahari wala hakumwekea chumba sandukuni. Akichakaa, kuna kuku wengine uani.

Mwezi ngapi leo?

Sasa tuje kwenye maji, na hapa sitafanya haraka.

Jambo la kwanza la kujua kabla ya kwenda kuvua Pemba ni tarehe ya mwezi mwandamo. Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban saa 25, ikivutwa zaidi na mwezi, hivyo kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani ni jedwali la maji kwa anayejua kuisoma. Ilinganishe na hesabu hii. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, bahari ya Zanzibar inajaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na inakupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50.

Jaribu. Leo ni mwezi nne, yaani siku tatu zimepita tangu mwezi mosi. Tatu mara dakika 50 ni saa mbili na nusu. Maji yatajaa karibu saa kumi na mbili na nusu, asubuhi na jioni, na yatakupwa karibu saa sita na nusu mchana. Mwezi nane, hesabu inakuwa imezunguka: maji yanajaa saa nne na kupwa saa kumi. Ni wastani tu. Siku za bamvua msogeo huwa mfupi zaidi, siku za maji mafu unarefuka, na mwezi unaweza kuwa umeonekana siku moja kabla au baada ya ulivyodhani. Acha nusu saa huku na huku, na ukitaka usahihi tazama jedwali la bandari ya Zanzibar. Lakini hesabu ya kichwani ina faida ambayo jedwali halina: unaweza kuifanya ukiwa majini, simu imezimika.

Jambo la pili ni nguvu ya maji. Bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Hapo tofauti kati ya maji makuu na maji makavu katika bahari yetu inaweza kukaribia mita nne. Maji yote hayo lazima yapite mahali, na upande wa magharibi wa Pemba yanapita kwenye milango kati ya visiwa vidogo, kama ule wa Fundo na wa Njao. Siku hizo mkondo wa katikati ya kujaa utalichukua chubwi lako, ile risasi ya kuzamishia mshipi, na kulipeperusha. Utadhani mshipi umeshuka kumbe uko nyuma ya chombo. Anayevua chini siku za bamvua husubiri maji yanaposimama, mwishoni mwa kujaa au mwishoni mwa kupwa, avue muda mfupi wa utulivu na mwanzo wa kugeuka. Siku za maji mafu, karibu mwezi nane na mwezi ishirini na mbili, mkondo ni mlegevu na unaweza kukaa juu ya mwamba wenye kina kwa saa nyingi kwa risasi ndogo.

Anayetaka kuvua kwa miguu, kwenye fungu au pwani yenye majani, ana mahesabu ya kinyume. Yeye analitaka bamvua. Maji yakiwa makavu kabisa, mchanga uko wazi, wanawake wako pweza na chaza, na unaweza kutembea ukasoma ardhi: mfereji uko wapi, shimo liko wapi, jiwe liko wapi. Halafu maji yanarudi kupitia mifereji ileile, na samaki wanakuja nayo kula kilichofukuliwa. Simama ubavuni mwa mfereji maji yakiwa magotini. Yakifika mapajani, toka. Usisubiri mpaka kiunoni, kwa sababu maji yanaweza kuwa yameshapita nyuma yako.

La tatu ni upepo. Kusi, kuanzia karibu Mei mpaka Septemba, ina nguvu na inaipiga pwani ya mashariki bila huruma. Wakati huo anayeanza abaki magharibi, ndani ya visiwa, ambako kisiwa chenyewe kinamkinga. Kaskazi, kuanzia karibu Desemba mpaka Machi, ina joto na mara nyingi bahari ni ya kutawalika zaidi. Kati ya pepo hizo mbili kuna maleleji, siku za upepo mwepesi unaogeuka-geuka, ambazo wengi wanazipenda. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha msikilize nahodha, na wakitofautiana mfuate anayesema usiende.

La nne ni chini. Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa na bara, unazidi mita 800 kina, na ukingo wa magharibi wa kisiwa unashuka karibu wima. Mita chache zinaweza kukutenganisha na samaki wote. Mvuvi mzoefu hulipata jiwe lake kwa alama mbili za nchi kavu, mnazi ukutane na mnara wa msikiti upande huu, kilima kikutane na ncha ya kisiwa upande ule, na hapo ndipo anatia nanga. Simu zenye ramani zinafanya kazi hiyo leo na vijana wanazitumia. Sioni sababu ya kujinyima. Lakini mshipi wako wenyewe pia unakueleza. Chubwi likigonga kwa ukali, ni jiwe. Likikaa kimya na kuvutika kwa uzito, ni matope. Likiwa jepesi kuinuka, ni mchanga. Nenda ukitafuta mpaka wa jiwe na mchanga.

Vya kununua

Nenda duka la vifaa vya uvuvi Chake Chake, Wete au karibu na diko, ununue mshipi wa nailoni wa unene wa kama milimita 0.6, mita mia moja. Huo unatosha kwa changu, tasi, mkundaji, na chewa wa wastani. Nunua ndoana za ukubwa mmoja, upana wa ukucha wa kidole chako cha mwisho, na chache kubwa zaidi. Risasi za uzito wa aina mbili. Shibiri kadhaa za waya mwembamba kwa siku utakayokutana na mzia au nguru, ambao meno yao hukata nailoni mara moja. Umemaliza.

Funga hivi. Chubwi linakaa mwisho kabisa. Juu yake, kwa nafasi ya kama mkono mmoja, toa matawi mawili mafupi, kila moja na ndoana yake. Chubwi lenyewe lifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Likikwama jiweni, uzi utakatika na utapoteza risasi peke yake, ndoana na samaki utabaki nao. Sijui ushauri wa bei nafuu kuliko huo. Fundo la ndoana ni moja: pitisha mshipi tunduni, uzungushe juu ya mshipi wenyewe mara tano, rudisha ncha katika kitanzi kilicho karibu na tundu, lowesha kwa mate, kisha ukaze taratibu. Vitabu vina mafundo mengi. Jifunze hilo mpaka ulifunge gizani.

Chambo kinahitaji uangalifu kuliko ndoana. Ngisi na pweza wanakaa vizuri kwenye ndoana, hawanyofolewi na samaki wadogo. Dagaa na vibua wabichi wana harufu na wanavutia zaidi, lakini wanadokolewa upesi. Mwata wa kuchimba mchangani ni mzuri kwa samaki wadogo wa pwani. Kata chambo kidogo kuliko unavyodhani inafaa, ncha ya ndoana ibaki wazi. Badilisha kilichofifia. Watu hubadilisha vifaa wakati kilichohitajika ni kubadilisha chambo.

Ukiwa chomboni, mshipi uulaze kwenye sakafu kwa mzunguko wa mpangilio, usikanyagwe, na kamwe usiuzungushe mkononi. Kolekole mwenye hasira hajui kwamba hicho ni kidole.

Kuuliza dikoni

Ushauri bora Pemba uko dikoni na hauna bei, ila una adabu yake. Usifike na kamera mbele wakati watu wanashusha samaki na mnada unaendelea. Subiri. Amkia wazee kwa shikamoo, kaa chini, uulize baadaye. Na uulize swali linalojibika. Ukisema, "Mzee, Pemba samaki wanavuliwa kwa nini?" atakucheka kwa moyo mwema na kukwambia kwa mshipi. Ukisema, "Babu, leo mwezi kumi na saba, kwa mtu mwenye risasi ndogo, ni bora atoke maji yakianza kujaa au yakikaribia kusimama?" utaona amegeuka kukutazama vizuri. Swali lenye tarehe ya mwezi, mahali na upepo hupata jibu fupi. Swali lisilo na mahali hupata orodha.

Usimuulize mtu mwamba wake uko wapi. Mwombe akuchukue, umlipe siku yake, ukae kimya na utazame mikono yake: anashusha kiasi gani, anainua lini, anangoja vipi samaki anapodokoa kabla ya kuvuta. Wavuvi wa Kojani wamekwenda dago, yaani kambi za uvuvi, pwani nzima, kuanzia Mafia hadi Kenya, na hicho ndicho walichosafiri nacho: jicho la kusoma bahari ngeni. Ukitaka kusikia habari hizo, nenda siku ya Ijumaa baada ya sala, wengi huwa wamepumzika.

Uliza pia kinachokatazwa. Kisiwa cha Misali kimekuwa hifadhi tangu 1998 na kina eneo ambalo halivuliwi kabisa. Sehemu kubwa ya bahari ya magharibi iliingizwa katika hifadhi ya Mkondo wa Pemba mwaka 2005. Zipo shehia, kama Kisiwa Panza, zinazofunga miamba yao kwa muda ili pweza wakue. Anayejua ni sheha na kamati ya wavuvi ya shehia. Kuwapitia si urasimu wa bure: ukivua jiwe lililofungwa, umekula akiba ya watu.

Kama bado unaitaka fimbo

Sikukatazi. Kurusha inzi juu ya maji ya magoti alfajiri kuna raha yake, na raha ni sababu tosha. Ila ununue kwa mpangilio huu: fimbo moja, namba 8 au 9, kwa kuwa upepo wa baharini hauichekei fimbo nyepesi, mshipi mmoja unaoelea, na inzi wa aina moja. Ningechagua yule aliyebuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania miaka ya 1980, mwenye macho ya risasi na manyoya marefu, meupe chini na ya rangi nyingine juu. Anazama akiinamisha kichwa, anainuka ukivuta, na kwa samaki anayekula dagaa hiyo inatosha. Nunua kadhaa, wakubwa na wadogo, rangi ileile. Au mfunge mwenyewe kwa manyoya ya kuku.

Kuvua kwa inzi mmoja si umaskini. Japani kuna uvuvi wa mtoni uitwao tenkara, wenye fimbo, mshipi uliofungwa kwenye ncha yake na inzi, bila rili kabisa, na mwalimu wake mashuhuri Hisao Ishigaki anajulikana kwa kutumia inzi wa aina moja popote aendapo. Kama samaki hali, yeye hubadilisha mahali na namna ya kumchezesha inzi. Mvuvi wa Wesha angemwelewa bila mkalimani.

Vifaa vingi vina haki yake katika jambo moja, nalo ni samaki wakubwa wa mkondoni. Nduaro, jodari mkubwa na papa wanataka kamba imara, waya, mashine ya kuaminika na watu zaidi ya mmoja. Ng'ambo ya Pemba, Shimoni nchini Kenya, wageni wamekuwa wakiwatafuta hao kwa boti za gharama kwa miaka mingi. Mwandishi Ernest Hemingway alikuja kupiga kambi ya uvuvi huko mwaka 1954, baada ya kunusurika ajali mbili za ndege Uganda. Miaka miwili kabla alikuwa amechapisha kisa cha mzee wa Cuba anayepambana na nduaro kwa mshipi wa mkono, ndani ya chombo kidogo, peke yake. Kisome ukipenda, lakini usikiige. Ukienda mkondoni, nenda na chombo kinachojulikana dikoni, jaketi la kuokolea kwa kila mtu, maji ya kunywa ya siku mbili, na mtu wa pwani anayejua saa yako ya kurudi.

Na siku ya kwanza utakapopata samaki, mtambue kabla ya kumshika. Tasi ana miiba mgongoni na tumboni yenye sumu inayouma kwa saa nyingi. Mbane kwa kitambaa kizito, mtoe ndoana kwa koleo. Akikuchoma, tia mkono kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kustahimili. Bunju, yule anayevimba, usimle wala usimpe paka. Sumu yake haitoki kwa kupikwa. Wengine wote uliza jina lao dikoni, kisha uliza wanavyopikwa. Changu mbichi hahitaji zaidi ya chumvi, ndimu na makaa.